Kitovu cha Papa

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisini waliniandalia chai na keki, wakanipa saa ya ukutani, kitu ambacho mtu asiye na kazi hana haja nacho sana. Kisha Mwanaidi, ambaye sasa anakalia kiti changu, akanivuta kando akaniambia, "Madamu, tuandikie. Yale mambo ambayo hayamo kwenye vitabu." Nimekaa wiki mbili nikijiuliza ni mambo gani hayo. Kuhusu vyeo sitasema. Nilipata viwili, na cha pili kilinikuta niko likizo kwetu Ribe nikivuna mahindi, kwa hiyo hakikunisumbua.

Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika papa walioletwa kwenye diko la Bandari ya Kale, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Kwetu Ribe ni bara kidogo, watu wa minazi na mihogo, na samaki tuliyemjua ni yule aliyepanda huko akiwa amekwisha kaushwa. Papa niliyemjua mimi ni ng'onda, kipande kigumu chenye chumvi, cha kutia kwenye mchuzi wa nazi. Mpaka nilipoajiriwa nilidhani papa ana rangi ya mbao.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Naomba mwenye kusoma haya asivae viatu vyeupe. Nilishuka ngazi za diko nikakuta sakafu nzima imelaliwa na samaki, maji ya damu yakitiririka kwenye mifereji, na harufu ya sifa, yale mafuta ya ini la papa, imejaa hewani kama kitu unachoweza kukigusa. Bwana Mwakio, mkubwa wangu, Mtaita mrefu aliyekuja Mombasa kutafuta kazi ya reli akaishia kwenye samaki, alinikabidhi vyombo vyangu: ubao wenye kibano, futi ya fundi cherehani, kalamu ya risasi na fomu.

"Kalamu ya wino usilete huku," alisema. "Karatasi ikilowa hukataa. Ya risasi haikatai."

Fomu ilikuwa na mistari mingi. Changu na tasi walikuwa na mistari yao, na hata pweza alikuwa na wake. Chini kabisa paliandikwa neno moja: papa. Ulipima waliokuja wote, ukaandika uzito wao mahali pamoja, kazi ikaisha. Asubuhi ile palikuwa na papa pingusi mmoja, yule mwenye kichwa kilichopanuka pande mbili kama nyundo. Nilimzunguka na futi yangu bila kujua nianzie wapi, kwa sababu macho yako mwisho wa nyundo na sikuweza kuamua pua iko wapi.

Mama mmoja aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, buibui amelipandisha magotini na kisu mkononi, alikuwa akinitazama tangu nishuke.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa kumpima au kumposa?"

Watu wote wa karibu walicheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Huyo ndiye Bi Rukia. Alinunua papa pale dikoni, akawapasua, akawatia chumvi na kuwaanika juu ya paa la nyumba yake Majengo, kisha akauza ng'onda. Inawezekana kabisa kwamba papa wote niliokula utotoni walipita mikononi mwake. Aliinuka, akanishika mkono, akaupitisha kwenye ngozi ya yule pingusi kutoka kichwani kwenda mkiani, ikateleza kama hariri. Kisha akaurudisha kinyume. Nilidhani nimechubuka.

"Huyo ndiye papa," akasema. "Ukimwendea anavyotaka yeye, hana neno."

Tangu siku hiyo nilikuwa na walimu wawili. Bwana Mwakio alinifundisha kuandika tarakimu zinazosomeka, kuweka mizani sawa kila asubuhi kwa kipande cha chuma ambacho uzito wake unajulikana, na kutopokea samaki wa bure hata kama ni wa kitoweo tu. Bi Rukia alinifundisha papa wenyewe. Nilinunua daftari, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki wa sukari, na kila aliponitajia jina nilichora. Michoro yangu ya mwanzo inafanana na viazi vitamu vyenye mapezi, lakini meno niliyachora vizuri, kwa sababu meno hayaharibiki ukichelewa kuyachora.

Yule mwenye milia ubavuni, ambaye wengine humwita papa chui na wengine humwita jina jingine kabisa, meno yake yamepinda na yana vijino vidogo pembeni kama msumeno. Tumboni mwake tuliwahi kukuta vipande vya gamba la kasa na champali moja ya mguu wa kushoto. Papa usingizi ana mdomo mdogo wa kunyonya na hulala chini ya mawe mchana kutwa. Bwana Mwakio alisema anamjua karani mmoja wa namna hiyo. Yupo papa mnene mwenye pua butu ambaye haogopi maji yaliyopungua chumvi na huingia mpaka ndani ya mikono ya bahari, na huyo ndiye aliyenifanya niwakanye watoto wangu wasiogelee ovyo. Papa shilingi, yule mkubwa kuliko wote mwenye madoa meupe mgongoni kama sarafu zilizomwagika, hana haja na mtu, hula vidudu vidogo vya majini. Na papa upanga, ambaye kwa hakika ni jamaa ya taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, sikumpima hata mmoja maishani mwangu. Niliuona upanga wake tu, umetundikwa ukutani katika nyumba moja ya zamani huko Ndia Kuu, na mwenye nyumba alisema ni babu yake aliyeupata. Siku hizi humsikii mtu akisema kamwona.

Baada ya miaka michache nilimwomba Bwana Mwakio mistari zaidi kwenye fomu. Alikuna kichwa, akaniambia nitumie mgongo wa karatasi. Basi nikawa naandika mbele wanavyotaka wao na nyuma ninavyotaka mimi, na baadaye ofisi ikachapisha fomu mpya iliyofanana na mgongo wa ile ya zamani. Nilifurahi. Nilijiona nimefika.

Na hapo ndipo nilipokosea. Naeleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo nililoombwa na Mwanaidi, hata kama hakujua.

Kulikuwa na papa wadogo walioletwa kila siku, wa urefu wa mkono wa mtu au pungufu, wamejazwa kwenye mabeseni. Wengine walikuwa na pua iliyochongoka na macho makubwa. Wengine walikuwa pingusi wadogo, vichwa vyao kama vijiko vilivyopindwa. Mimi wote niliwaandika neno moja: wachanga. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa nimekwisha kuona papa mrefu kuliko mlango, na nilipoona aliye sawa na mkono wangu akili ilinituma kwamba ni mtoto. Niliandika hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa hati nzuri, kwa kalamu ya risasi.

Karatasi hupanda ngazi. Zangu zilipanda, zikajumlishwa, na siku moja likarudi agizo: akina mama wa Majengo wanamaliza papa wachanga, papa yeyote aliye chini ya kipimo fulani asiuzwe, na akionekana achukuliwe. Siku ya pili ya agizo lile, mabeseni matatu ya Bi Rukia yalibebwa mbele ya macho yake.

Alikuja ofisini mwenyewe. Hakuwahi kupanda ngazi zetu hata siku moja. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye gazeti, na hakungoja kukaribishwa.

"Dama," akasema, "ni nani aliyesema hawa ni watoto?"

Bwana Mwakio alinitazama. Nilitazama meza yangu.

"Ni mimi, Bi Rukia."

Nadhani alitarajia kutajiwa bwana fulani wa ofisi za juu, mtu wa suti, ambaye angeweza kumlaani kwa raha zake. Akafungua gazeti juu ya meza yangu, juu ya fomu zangu. Ndani alikuwamo papa mmoja mdogo mwenye pua iliyochongoka, urefu kama kutoka kiganjani mpaka begani. Akatoa kisu, akampasua tumbo kwa mkato mmoja, akaingiza vidole viwili na kuwatoa, mmoja mmoja, papa wanne wa ukubwa wa kidole cha kati, wamekamilika, macho na mapezi na mikia. Akawapanga kwenye karatasi.

"Haya," akasema. "Mtoto huzaa?"

Nilikuwa nimewapima papa wa namna ile maelfu kwa maelfu na sikuwahi kumfungua hata mmoja. Yule alikuwa mama, mtu mzima wa kabila lake, ambaye hakuandikiwa kukua zaidi ya pale. Nami nilimwandika mtoto kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wenzake niliowazoea.

"Mbona hukuniambia, Bi Rukia?"

"Uliniuliza?"

Alipoondoka, Bwana Mwakio alifunga mlango. Hakunigombeza. Aliniuliza nitafanya nini, nami nikamwambia nataka ruhusa ya mwezi mmoja ya kufungua kila papa mdogo atakayeletwa. Nilinunua kisu changu. Kila asubuhi nilikaa juu ya ndoo kando ya Bi Rukia, ambaye hakusema nami ila kunisahihisha mkono, na tukapasua. Wale wenye pua iliyochongoka, majike kwa wingi walikuwa na watoto tumboni au dalili kwamba wamekwisha zaa. Hapakuwa na shaka.

Nilipofika kwa wale pingusi wadogo, mambo yakabadilika. Ndani hapakuwa na kitu, si mayai wala watoto. Nilimgeuza mmoja chali, nikaona katikati ya mapezi ya kifuani kijialama kama mkato wa wembe. Nikamgeuza wa pili, naye anacho. Nikakigusa, kikatoa damu. Nilitafuta kwenye vitabu vya ofisi mpaka nikakipata: ni kitovu. Pingusi hubeba watoto tumboni kwa kamba kama sisi, na mtoto anapozaliwa hubaki na kidonda ambacho huziba baada ya majuma machache. Hawa kidonda chao hakikuwa kimeziba. Walikuwa wamezaliwa juzi, kwenye maji ya kina kifupi huko mkondo wa Tudor, na jarife, zile nyavu za kutegea papa, zilikuwa zinawangoja hapo hapo.

Niliandika barua. Niliandika kwamba papa wenye pua iliyochongoka ni wakubwa wa aina ndogo, kwamba aliyewaita wachanga ni mimi, na kwamba pingusi wadogo ni wachanga kweli. Bwana Mwakio aliisoma mara mbili.

"Ukiipeleka hivi, kosa litakuwa na jina lako."

"Ndilo jina lake, bwana."

"Ungeweza kusema takwimu zimehakikiwa upya."

"Ningeweza."

Akapiga muhuri. Nilingoja jibu siku kumi. Agizo likarekebishwa, nikaandikiwa barua ya onyo ambayo bado ninayo, na Bi Rukia akaruhusiwa kuuza wale wadogo wake. Lakini pingusi wadogo walibaki kwenye katazo, na pingusi wadogo ndio waliokuwa laini, waliokauka upesi, waliopendwa na wateja wake kuliko wote. Niliona haya kumwacha asikie hilo dikoni. Nikapanda tuk-tuk Makadara nikaenda Majengo.

Nilimkuta juu ya paa akigeuza vipande. Nikamwambia yote, na nikamwonyesha pingusi mmoja niliyemleta kwenye barafu. Alimgeuza chali, akatazama kile kidonda kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuonyesha kisu," akasema, "nawe umenikata nacho."

"Bi Rukia, ningesema nini?"

"Nenda, mwanangu. Nenda kazini."

Hakusema nami miezi mitatu. Mwezi wa Ramadhani ule hakuniletea vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, ambavyo aliniletea kila mwaka ingawa mimi ni Mkristo na alijua fika sifungi. Dikoni aliipeleka ndoo yake upande wa pili. Nilifanya kazi yangu, nikapima, nikaandika, na nakiri kwamba nilijuta si kwa sababu nilikosea bali kwa sababu nilisahihisha.

Katazo lenyewe halikufaa kitu. Wenye jarife waliwaficha pingusi wadogo chini ya samaki wengine, wakaguzi walikuwa wawili kwa pwani ndefu, na mimi niliwaona nikawaandika na hapakutokea lolote. Mpaka asubuhi moja mvuvi aitwaye Shee, mwenye jarife mbili huko mkondoni, alimletea Bi Rukia beseni lake kama kawaida, amelifunika kwa gunia. Bi Rukia alilifunua mbele ya watu wote.

"Rudi nao," akasema.

"Bi Rukia, ni wale wale unaowapenda."

"Siwataki. Leo siwataki na kesho siwataki, na mwambie kila mwenye jarife huko mkondoni kwamba Rukia hanunui."

"Kwani wamefanyaje?"

Alimchukua mmoja, akamgeuza, akachukua kidole cha Shee akakibonyeza pale kwenye kidonda. Damu kidogo ikatoka.

"Kitovu hicho. Mimi nimezaa mara sita, Shee. Siwezi kujifanya sikijui."

Bi Rukia ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa, na wanunuzi wadogo walimfuata. Ndani ya msimu mmoja wenye jarife walizihamisha kutoka maji yale katika miezi ya kuzaliwa pingusi, si kwa kuogopa wakaguzi, bali kwa sababu samaki asiye na mnunuzi ni mzigo tu. Sisemi kwamba pingusi wameongezeka. Sijui, na mkiulizwa jambo msilolijua andikeni "sijui". Ni neno zuri na halichukui nafasi kubwa kwenye fomu. Ninachojua ni kwamba siku chache baada ya mambo yale ndoo ya Bi Rukia ilirudi kando yangu, na juu yake palikuwa na kibakuli kimefunikwa kwa kitambaa. Vibibi, na haukuwa hata mwezi wa Ramadhani.

Hatukuzungumzia lile jambo tena. Tuliendelea pamoja miaka mingi, na kazi ilikuwa tamu. Bwana Mwakio alistaafu akarudi Taita kufuga nyuki, ambao anasema hawana fomu. Bi Rukia bado yupo. Magoti ndiyo yaliyostaafu. Binti yake anaendesha biashara, na mama anaketi chini ya paa lile akikagua kila kipande kwa kidole gumba. Ninapokwenda kumjulia hali huniuliza, "Leo wamekuja nani?" kama mtu anayeulizia majirani.

Wiki yangu ya mwisho kazini, kabla ya saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa Shee, mvi sasa zimemjaa.

"Madamu, shuka upesi. Huku ngazini. Usilete mizani."

Nilishuka. Alikuwa amesimama kwenye maji, kando ya mashua yake, amekunja kipande cha wavu kama mtu aliyeshika shuka yenye kitu ndani. Aliniambia alikuwa akivuta wavu wa dagaa hapo karibu, akamkuta huyu amenasa. Nikainama. Ndani ya wavu, chini ya maji, pingusi mdogo alikuwa akipumua. Kichwa chake kilikuwa kikigeuka huku na huku taratibu, na jicho la upande wangu lilinitazama.

Sijui nyinyi mnafikiri vipi kuhusu mtu aliyefanya kazi na papa maisha yake yote. Nilisimama pale nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kumwona aliye hai. Wote walinijia sakafuni. Hata rangi sikuijua: mgongo wake ulikuwa na mng'ao wa shaba ambao hufa pamoja naye, na katika michoro yangu yote hakuna hata mmoja wenye rangi ile.

"Nimwachie?" Shee akauliza. "Au wataka kumtazama kwanza?"

"Ngoja."

Niliacha mkoba kwenye ngazi, nikaingia na gauni langu la kazini mpaka maji yakanifika kiunoni. Siwezi kuogelea. Shee alifungua wavu, nami nikampitishia papa mikono miwili chini ya tumbo, kichwa kikielekea mbele ili maji yapite kwenye matamvua yake. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na mwili wake wote ulikuwa misuli. Kwa vidole nilikitafuta kitovu. Kilikuwa kimeziba, ukingo mdogo tu, laini. Alikuwa na umri wa majuma, tena ameshapita yale mabaya ya mwanzo.

"Utamwandika vipi huyu?" Shee akauliza.

"Simwandiki."

Alitikisika mara moja, mikono yangu ikawa mitupu. Niliona kivuli chake kikipita juu ya mchanga, kisha sikukiona.

Shee alinishika mkono nikapanda ngazi. Gauni lilinigandama, viatu vilijaa maji, na ilinibidi nipite Ndia Kuu nzima hivyo kurudi ofisini, mbele ya maduka na watalii. Muuza vinyago mmoja ninayemfahamu aliinuka kwenye kiti chake akiwa na wasiwasi.

"Mama Dama! Umeanguka baharini?"

"La," nikamwambia. "Niliingia."